Mgongo uliokauka kama mwanzi: mtu akianguka, usimnyooshe

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumbani, na ninyi vijana mnaosoma gazeti la baba: leo ukurasa wetu wa usalama na afya hauzungumzi juu ya kaski wala juu ya baruti. Unazungumza juu ya mgongo. Si mgongo wa kila mtu, bali mgongo wa yule jirani tunayemwona kila siku akitembea ameinama, yule asiyeweza kugeuza shingo, ambaye mtu akimwita kutoka nyuma anageuka mwili mzima kama gogo. Labda ni baba yako mdogo kule Mangobo. Labda ni mwenzako wa ekipi. Labda ni wewe mwenyewe.

Tuchukue mfano. Ni saa 12 jioni, mvua imetoka kunyesha, udongo wa Kisangani unateleza kama sabuni. Baba Fulani, mfanyakazi wa karieri, amepanda nyuma ya toleka kurudi nyumbani. Gurudumu linateleza, kinga inalala, naye anaangukia makalio. Mwenye toleka anasimama, anapangusa matope, anacheka. Baba Fulani anasema shingo inamwuma. Lakini shingo yake inamwuma tangu miaka 15, basi nani atashangaa? Majirani wenye moyo mwema wanamlaza chali juu ya saruji. Mmoja anashika kichwa na kukivuta, ili shingo "irudi mahali pake". Kabla ya hapo Baba Fulani alikuwa akisogeza vidole vya miguu. Baada ya hapo havisogei tena.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini mambo kama haya waganga wa nchi nyingi wameyaona na kuyaandika. Wazee walisema ajali haina kinga. Hapa kwetu ajali nyingi zina kinga, ile ya magurudumu 2. Kwa hiyo tujifunze.

Neno kubwa la leo ni hili: mtu mwenye mgongo uliokauka, akianguka hata kidogo na kusikia maumivu mapya, mhesabu kuwa amevunjika uti wa mgongo mpaka waganga wathibitishe kwamba sivyo. Wala usimnyooshe.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Kila mfanyakazi wa mgodi anajua maumivu ya mgongo. Umebeba gunia, umeinama siku nzima na pawo, jioni mgongo unalia. Ukilala, unapona, asubuhi unarudi kazini. Hayo ni maumivu ya uchovu.

Yako maumivu mengine ambayo tabia yake ni kinyume. Huanza mtu akiwa bado kijana, mara nyingi kati ya miaka 20 na 30, na karibu kila mara kabla ya miaka 45. Huja polepole, bila kuanguka na bila kubeba kitu, nayo hudumu zaidi ya miezi 3. Humwamsha mgonjwa usiku wa manane. Asubuhi mgongo unakuwa mgumu kama ubao kwa nusu saa au zaidi. Jambo la ajabu ni kwamba akipumzika, maumivu yanazidi. Akitembea na kufanya kazi, yanapungua. Pengine makalio yanauma, leo upande huu, kesho ule. Pengine kisigino. Pengine jicho moja linakuwa jekundu, linauma na kuogopa mwanga.

Waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanauita spondilatriti ankilozanti. Ni ugonjwa wa zamani sana. Katika miaka ya 1690 daktari mmoja kutoka Ireland, Bernard Connor, aliona huko Ufaransa mifupa ya mtu ambaye mgongo wake wote ulikuwa umeungana kuwa mfupa mmoja.

Unatoka wapi? Hautoki kwa mchawi, wala kwa mke wa jirani, wala kwa maji ya baridi. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao wanakosea, wanashambulia viungo vya mgongo wenyewe. Viungo vinawaka bila moto. Vikipoa, mwili unaziba jeraha kwa mfupa mpya. Mwaka baada ya mwaka mfupa huo unajenga daraja kutoka pingili moja hadi nyingine, mpaka uti wote unaungana. Kwenye picha ya radio mgongo huo unafanana na mwanzi, ndiyo bambu: fundo, fundo, fundo. Waganga wenyewe wanauita mgongo wa bambu.

Huko Ulaya, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wana alama moja ya urithi katika damu iitwayo HLA-B27. Katika Afrika yetu alama hiyo ni haba, na ugonjwa wenyewe ni haba kuliko Ulaya. Lakini haba si kusema haupo. Waganga wa Kinshasa wameuona, na katika nchi jirani ya Zambia waganga wa Lusaka waliandika mwaka 1998 juu ya magonjwa ya jamaa hii kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo, kama kipimo cha HLA-B27 hakikuonyesha kitu, usidhani kwamba umepona. Na kwa sababu ugonjwa hauonekani kila siku, muganga naye anaweza asiufikirie. Msaidie: mwambie jinsi maumivu yako yanavyokuja na saa yanapokuja.

Angalizo. Kama mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ugonjwa tunaoujua sana katika nchi yetu. Nao una dawa zake. Usikae nyumbani ukikisia. Nenda dispansere.

KWA NINI UNAVUNJIKA UPESI?

Mgongo mzima una pingili 24 zinazosogea: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiuno. Kati yake kuna vipande laini kama mito ya mpira. Ukianguka, kila pingili inasogea kidogo, kila mto unabonyea kidogo, na nguvu ya pigo inagawanyika. Ni kama mnyororo: uuangushe, hauvunjiki.

Sasa chukua mwanzi mkavu, uangushe juu ya jiwe. Unapasuka. Mgongo uliokauka ni hivyo. Hauna mahali pa kukunjika. Pigo lote linakwenda mahali pamoja. Tena, mfupa ukikaa miaka mingi bila kusogea, ndani yake unakuwa mwepesi na wenye matundu kama ubao ulioliwa na mchwa. Nje unaonekana mnene, ndani hauna nguvu. Unapovunjika, unavunjika toka mbele hadi nyuma, kama chaki ya mwalimu. Vipande 2 virefu vinabaki vikicheza, na katikati yake unapita ule uti laini wa mishipa ya fahamu, unaopeleka amri ya kichwa hadi mikononi na miguuni. Mahali panapovunjika zaidi ni chini ya shingo, karibu na mabega.

Mwaka 2009 waganga wa Uholanzi walikusanya maandishi ya nchi nyingi juu ya wagonjwa 345 wa namna hii waliovunjika mgongo. Karibu 2 kati ya kila 3 walikuwa wameanguka kidogo tu: kutoka kitini, kitandani, au walijikwaa wakitembea. Karibu 2 kati ya 3 walifika hospitali wakiwa tayari na ganzi au viungo vilivyolegea. Na karibu 1 kati ya 6 hakutambuliwa mapema. Soma tena neno hilo la mwisho. Mtu amevunjika shingo, naye anaambiwa: "Ni rumatisimu yako ile ile, kunywa dawa ukalale."

Kwa nini wanakosea? Kwanza, mgonjwa amezoea kuumwa. Pili, picha ya kawaida ya radio mara nyingi haionyeshi ufa, maana mabega yanafunika sehemu ya chini ya shingo, na mfupa wenyewe umebadilika sana. Tatu, siku ya kwanza anaweza kutembea. Kisha ule ufa unateleza, au damu inavuja polepole ndani na kukandamiza mishipa. Baada ya saa chache au siku chache miguu inaanza kufa ganzi.

Dalili za kuamsha kila mtu ni hizi: maumivu mapya mahali pamoja baada ya kuanguka, shingo iliyokuwa imekauka, ghafula inasogea au imebadili umbo, mtu aliyekuwa ameinama, ghafula anaweza kutazama mbele au kulala chali vizuri. Huo si muujiza. Huo ni mfupa uliovunjika. Tena ganzi, udhaifu wa mikono au miguu, kushindwa kukojoa au kutozuia choo.

UTAFANYA NINI MAHALI PA AJALI?

1. Mwache mahali alipo, isipokuwa pana hatari kubwa kuliko mgongo: jiwe linalotaka kuporomoka, moto, maji, gari. Ita msaada. Kama ni kazini, mwite shefu wa ekipi na ekipi ya uokoaji.

2. Mwambie asisogee. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa na kukishika kwa mikono 2 jinsi alivyokikuta. Asivute, asigeuze.

3. Mwulize mgonjwa au mke wake: "Siku zote kichwa chake kinakaaje?" Kama siku zote kimeinama mbele, kibaki kimeinama mbele. Weka mito, nguo zilizokunjwa au blanketi chini ya kichwa na mabega mpaka nafasi yote ijae. Kumlaza mtu huyu bapa juu ya ubao mtupu ni kumvunja mara ya pili.

4. Ile kola ngumu ya shingo ilitengenezwa kwa shingo iliyonyooka. Kama haimwingii bila nguvu, iacheni. Blanketi zilizoviringwa pande 2 za kichwa zinatosha.

5. Mkimgeuza au kumwinua, muwe watu 4 au 5. Aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu na kutoa amri. Wote wanasogea pamoja, mwili mzima mara moja, kama mnavyogeuza mtumbwi mzito ukingoni. Kama hamna brankari, mlango uliotolewa bawabani unafaa, ukitandikwa godoro.

6. Kama ameanguka ndani ya shimo, msimfunge kamba kwapani na kumvuta juu. Ngojeni ekipi yenye brankari ya kufungia mtu.

7. Asipandishwe pikipiki kati ya watu 2. Asiketishwe kwenye toleka. Akiwa Lubunga, avuke mto amelala, mito ikiwa mahali pake, naye mtu wa kichwa asimwache mpaka ng'ambo.

8. Hakuna kukanda, hakuna kuvuta, hakuna mafuta ya moto, hakuna chale juu ya mgongo. Na asile chakula kizito. Pengine atapasuliwa siku hiyo hiyo.

Kutoka Bafwasende hadi Kisangani ni kilometa 260 hivi za balabala tunayoijua. Ndiyo sababu namna ya kumlaza mgonjwa ina kazi kubwa kuliko mbio za gari. Afadhali saa 2 zaidi akiwa amelala vizuri, kuliko kufika mapema na miguu imekufa.

LOPITALINI: SEMENI MANENO HAYA

Mkifika, ndugu wa mgonjwa asiseme tu "ameanguka". Aseme: "Huyu ana ugonjwa wa kukauka mgongo tangu miaka mingi. Ameanguka saa fulani. Ana maumivu mapya hapa. Tunaomba mgongo wake wote utazamwe." Taja dawa anazokunywa, hasa zile za maumivu na za kupunguza damu kuganda, maana zinaweza kuzidisha uvujaji.

Mashini inayofaa ni skaneri, inayokata picha vipande vyembamba na kuonyesha ufa ambao radio imeuficha. Mashini ya IRM inaonyesha uti wa fahamu na damu iliyovuja. Waganga watatazama mgongo mzima, kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa sababu mtu huyu anaweza kuwa amevunjika mahali 2 au 3 kwa ajali moja. Kama radio ya kawaida ni safi lakini maumivu mapya yapo, msikubali upesi kurudi nyumbani. Ulizeni kwa heshima njia ya kupata skaneri.

WANAPASUAJE?

Wengi wanaogopa neno hili, na si ajabu. Basi tueleze kama tunavyoeleza kazi.

Umewahi kuona mpini mrefu uliovunjika katikati? Ukiufunga kijiti kifupi juu ya ufa, ukipiga mara moja unaachana tena. Lazima ufunge kijiti kirefu kinachoshika mbali, juu na chini ya ufa. Mgongo uliokauka ni mpini mrefu. Kwa mtu wa kawaida waganga wanaweza kufunga pingili chache tu. Kwa mtu huyu wanafunga mbali: kwa kawaida pingili 2 au 3 juu ya ufa na 2 au 3 chini yake, pengine zaidi, kwa sababu mfupa wenye matundu haushiki visi vizuri.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

Kwanza ni usingizi. Shingo haikunjiki, na kinywa pengine hakifunguki sana. Kumwingiza mpira wa hewa kwa njia ya kawaida kunaweza kusogeza ufa. Kwa hiyo muganga wa usingizi mara nyingi hutumia kamba nyembamba yenye taa na jicho, anayoipitisha polepole mgonjwa akiwa bado macho, koo limetiwa ganzi.

Pili ni kumlaza. Anageuzwa kifudifudi, lakini meza inapangwa ifuate mpindo wa mgongo wake. Mgongo haulazimishwi kufuata meza.

Tatu, waganga wanatia visi pande 2 za kila pingili, kisha wanaviunganisha kwa fito 2 za chuma, moja kushoto na moja kulia. Kama damu au kipande cha mfupa kinabana uti wa fahamu, wanafungua nafasi. Shingoni, pengine wanafunga nyuma na mbele pia, ili ishike imara. Mahali penye vyombo vya kutosha wanaweza kutia visi kupitia matundu madogo ya ngozi, bila kupasua mgongo mrefu. Hivyo damu inapotea kidogo.

Shabaha ya kupasua ni nini? Si kumfanya mzee awe mnyoofu kama askari kwenye gwaride. Ni kumrudisha katika umbo alilokuwa nalo kabla ya ajali, kushika vipande visicheze, na kuondoa kinachobana mishipa, ili aweze kuketi na kuanza kusogea mapema.

Je, lazima kila mtu apasuliwe? Hapana. Kama ufa haukuachana, mishipa ni mizima, au mgonjwa ni dhaifu sana kwa moyo na mapafu, waganga wanaweza kuchagua kola iliyotengenezwa kufuata umbo lake, au koti gumu la mwili, na kulala miezi. Lakini njia hiyo ina hatari zake: ufa unaweza kuteleza au kukataa kuungana, na kulala sana kunaleta vidonda na ugonjwa wa mapafu. Ndiyo maana, mahali pawezekanapo, waganga wengi wanapendelea kufunga vyuma.

TUSEME UKWELI JUU YA HATARI

Gazeti hili halidanganyi wasomaji wake. Katika wale wagonjwa 345, nusu hivi walipata shida fulani baadaye, na karibu 1 kati ya 6 alifariki katika miezi 3 ya kwanza. Mbavu zao nazo zimekauka, kifua hakipanuki, kwa hiyo numonia inawashika upesi. Kidonda kinaweza kuoza. Visi vinaweza kulegea. Damu inaweza kuganda miguuni.

Na miguu iliyokufa, je, itarudi? Aliyefika bado anasogeza kidole au anasikia akiguswa ana matumaini ya kweli. Aliyefika bila kusikia wala kusogeza kitu chochote chini ya ufa, mara chache anarudi kama zamani, hata apasuliwe na fundi mkubwa. Vyuma vinashika mfupa. Havifufui mishipa iliyokatika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu inafanyika kabla ya lopitali, katika mikono ya majirani. Ni mikono yako wewe.

NJIA NI NDEFU, PESA NI NYINGI

Kutia visi katika mgongo si kazi ya kila lopitali. Inahitaji waganga waliojifunza kazi hiyo, mashini ya picha ndani ya chumba, damu ya akiba na vyuma vyenyewe. Hata katika miji mikubwa ya Afrika ya mashariki kuna kungoja. Katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, Tanzania, ambako migongo mingi iliyovunjika inapasuliwa, waganga waliandika kwamba bei ya vyuma ni moja ya sababu zinazochelewesha wagonjwa. Kwa mtu wa Tshopo inaongezeka safari. Mto mpaka Kinshasa ni kilometa 1,700 hivi, na mgonjwa wa namna hii si wa kungoja majuma ndani ya boti. Akihamishwa, ni kwa ndege, amelala, na barua ya muganga mkononi.

Mfanyakazi, jua haki yako. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi na jamaa yake matunzo ya afya kwa muda wote wa mkataba. Na ajali ya kazini, au ya njiani kwenda na kurudi kazini, inahusu pia kasha la usalama wa jamii, CNSS. Kwa hiyo ajali iandikwe siku ile ile, pamoja na saa, mahali na mashahidi. Usiseme "ni kuanguka kidogo tu". Umekwisha soma hapo juu kuanguka kidogo kunafanya nini. Kama karatasi zinakushinda, mwone delege wa sendika.

BAADA YA KUPASULIWA: KAZI YA JAMAA

Mama, hapa ndipo unapokuwa muganga wa pili. Kila saa 2 mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe, jinsi infirmie alivyokuonyesha. Tazama makalio, visigino na mgongo: ngozi ikiwa nyekundu na haipoi, sema mara moja. Mwambie avute pumzi ndefu mara 10 kila saa anapokuwa macho, na akohoe. Hiyo ndiyo dawa ya kuzuia numonia. Ale mayai, samaki, maharage na mboga, ili kidonda kifunge. Asivute sigara hata moja, maana sigara inazuia mfupa kuungana. Mfuate fundi wa mazoezi hata kama mgonjwa analalamika.

Na kazi? Wapo wanaorudi kazini, lakini si kwenye pawo, si kwenye mashini ya kutoboa miamba inayotetemesha mwili, si juu ya ngazi. Muganga wa kumpani ndiye anayeamua. Kumbadilishia mtu kazi si kumwaibisha. Ni kuokoa mtu mwenye ujuzi.

KUKINGA NI BORA

Kama mgongo wako umeanza kukauka, shika mambo haya:

Nenda kwa muganga mapema. Dawa za kutuliza viungo, kama ibuprofeni na diklofenaki, pamoja na mazoezi ya kila siku, zinasaidia sana. Lakini zinaweza kuumiza tumbo na figo, kwa hiyo zisiliwe kama karanga za sokoni.

Jinyooshe asubuhi na jioni, tembea, pumua kwa kifua chote. Lala juu ya godoro gumu, mto usiwe mrefu kuliko shingo yako inavyotaka.

Usimpe mtu shingo yako aipige "tap!" ili ilegee. Wala kinyozi, wala mkandaji, wala rafiki.

Nyumbani weka taa njiani kwenda chooni, ondoa majani yanayoteleza uani, weka mti wa kushikilia mlangoni na mahali pa kuoga. Anayeinama haoni mbali. Tope na kamba humwangusha upesi. Pombe nayo inaangusha.

Usipande nyuma ya toleka wala pikipiki kama unaweza kutembea. Ukipanda, mwendo uwe wa pole, si wakati wa mvua.

Andika kikaratasi, kiweke mfukoni pamoja na kitambulisho chako: "Mgongo wangu umekauka. Nikianguka, msininyooshe."

MASWALI YA WASOMAJI

Je, kazi ya mgodi ndiyo inayoleta ugonjwa huu?
Hapana. Kazi nzito inachosha mgongo, lakini haianzishi ugonjwa huu. Ila kwa mtu ambaye tayari anao, kuanguka kazini ni hatari mara nyingi zaidi.

Baba yangu ni mzee wa miaka 70, mnene, ana sukari, mgongo wake mgumu lakini hakuwahi kuumwa ujanani. Je, naye?
Yako magonjwa mengine ya uzeeni yanayounganisha mgongo kwa mfupa. Mmoja unaitwa ugonjwa wa Forestier, kwa jina la daktari wa Ufaransa. Akianguka, mfuate sheria zile zile.

Je, vyuma vitatolewa baadaye?
Kwa kawaida vinabaki. Mgongo huo ulikuwa umekwisha kauka, kwa hiyo havimpunguzii kusogea.

Ndugu msomaji, kata ukurasa huu, ubandike ukutani karibu na mlango. Kesho au keshokutwa kelele itapigwa njiani, na watu watakimbia. Uwe wewe yule anayesema: "Ngojeni! Kwanza, siku zote kichwa chake kinakaaje?"

ALIYEPINDA AKIANGUKA, MBEBE ALIVYOPINDA.